Nyumba za Kupangisha Kariandusi: Hesabu ya Chumba, Maji na Mwezi Mtupu

Nyumba ya kupangisha hulipa kwa miezi ambayo mtu analala ndani yake. Kanuni hii ni ya kila mahali, lakini katika vituo vidogo vilivyo kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru ndipo inapouma. Katika jiji la Nakuru, mpangaji akihama kutoka mtaa wa London (ule wa Nakuru, si mji wa Uingereza) au Section 58, kuna mwingine anayetafuta. Kariandusi, kati ya Gilgil na Nakuru, chumba kikiachwa wazi mwezi wa Januari huenda kikabaki hivyo hadi Aprili. Ndiyo maana anayetaka kuwekeza hapa hawezi kuazima hesabu za jijini. Ploti ni rahisi kuliko ya Lanet au Kiamunyi, na hilo humvutia, lakini bei ya ardhi haimwambii lolote kuhusu nani atakayelipa kodi.

Swali la kwanza basi ni la mishahara. Kuna machimbo ya daiatomaiti, ule udongo mweupe mwepesi unaotumiwa kuchujia vinywaji na kutengenezea rangi, ambayo yamefanya kazi hapo kwa miongo mingi. Kuna walimu, kuna wahudumu wa hoteli na kambi za wageni kando ya Ziwa Elementaita, na kuna Kikopey, mahali ambapo msafiri wa magharibi mwa Kenya amezoea kusimama ale nyama choma. Gilgil ina kambi za jeshi, chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, hospitali na mizani ya malori. Makundi haya hayalipi kodi kwa namna moja. Mwalimu hupokea mshahara mwisho wa mwezi na anaweza kulipa tarehe tano bila kusukumwa, ila uhamisho wa tume ya walimu ukija ataondoka. Mchoma nyama wa Kikopey hupata pesa kila siku, na Jumapili moja ya mvua humpunguzia. Kibarua wa machimbo mara nyingi hulipwa kwa wiki au wiki mbili. Mwenye ploti anayemdai kibarua huyu kodi yote tarehe mosi hujitengenezea malimbikizo yasiyo ya lazima; akikubali nusu mbili, katikati na mwisho wa mwezi, hupata pesa ileile na ugomvi mdogo.

Hatari kubwa ni kujaza ploti nzima watu wa mwajiri mmoja. Naivasha imetoa somo hilo mara mbili. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliwafukuza mjini maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua waliokuwa wametoka magharibi mwa nchi, na vyumba vikabaki vitupu. Machi 2020, soko la maua la Ulaya lilipofungwa kwa sababu ya korona, mashamba yaliwapa wafanyakazi likizo bila malipo, na kodi ikasimama katika mitaa kama Karagita. Ploti ya vyumba kumi yenye walimu watatu, wafanyakazi wawili wa hoteli, fundi wa pikipiki, muuguzi na vibarua watatu haina sifa ya kupendeza machoni, lakini haiwezi kufilisika siku moja.

Baada ya mpangaji huja ardhi, na ardhi ya Bonde la Ufa la kati ina historia ndefu ya karatasi zisizokamilika. Mashamba ya walowezi yaliyouzwa baada ya uhuru yalinunuliwa mara nyingi na kampuni na vyama vya kununua mashamba. Katika Nakuru ya miaka ya 1970 Ngwataniro-Mutukanio ya Kihika Kimani ndiyo iliyojulikana zaidi. Wanachama walipewa vyeti vya hisa, kisha wakagawiwa vipande, na wengine wakafariki kabla ya hati miliki kutoka. Mpaka leo kuna ploti zinazouzwa kwa cheti cha hisa na barua ya chifu. Cheti cha hisa kinathibitisha kwamba mtu ana dai dhidi ya kampuni. Hakithibitishi kwamba kipande kile chenye mti wa mgunga ni chake. Mnunuzi hufanya utafutaji rasmi katika masjala ya ardhi, humleta mpimaji aonyeshe vigingi, kisha huhakikisha kuna ridhaa ya mume au mke wa muuzaji. Shamba likiwa bado la kilimo, ridhaa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi hutakiwa iombwe ndani ya miezi sita ya mkataba, la sivyo mauzo hayana nguvu kisheria. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake, na kwa kuwa mipaka ya manispaa katika kaunti ya Nakuru imepanuka miaka ya karibuni, ni vizuri kuuliza ploti iko upande gani kabla ya kupanga bajeti.

Vilevile kuna barabara. Duka lililo mita chache kutoka kwenye lami lina wateja, lakini mradi wa kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit unapita hapohapo. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara hubomolewa bila fidia, awe na risiti za kaunti au asiwe nazo. Ramani ya hifadhi hupatikana kwa mamlaka ya barabara kuu, na kuitazama ni kazi ya asubuhi moja.

Udongo wenyewe unastahili heshima. Kariandusi inajulikana duniani kwa sababu ya Louis Leakey, aliyechimbua hapo mwishoni mwa miaka ya 1920 mashoka ya mawe ya kale, mengi yake yakiwa ya jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo. Mahali hapo leo ni jumba la makumbusho. Kwa mjenzi jambo hili si la hadithi tu. Anayechimba msingi akakuta vitu vya kale anatakiwa na sheria ya mwaka 2006 kuwaarifu wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa. Zaidi ya hayo, tabaka zilezile za majivu ya volkeno na daiatomaiti zilizohifadhi mashoka hayo ni dhaifu zikilowa. Mkoa huu una nyufa za ardhi pia. Machi 2018 ufa mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu–Narok karibu na Suswa baada ya mvua kubwa, na mitaa ya magharibi mwa Nakuru imezoea mashimo yanayofunguka ghafla. Fundi wa kienyeji atachimba futi mbili akatosheka. Shimo la majaribio la mita mbili, na mhandisi wa kulitazama, hugharimu kidogo sana kuliko ukuta uliopasuka. Mawe ya kuchonga ya Ndundori, yanayotumika Nakuru kote, ni mazuri, ila jiwe zuri juu ya jivu ni mzigo tu.

Eneo la chini karibu na maziwa lina tahadhari yake. Maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda tangu miaka ya 2010, na Kihoto, mtaa wa Naivasha uliojaa nyumba za kupangisha, uliingiwa na maji ya ziwa mwaka 2020 na tena 2025. Ziwa Elementaita halina mto wa kutoka. Ploti inayoonekana kavu na yenye mandhari ya heroe iulizwe kwa wazee, siyo kwa dalali: ni nani aliyewahi kuchunga mbuzi hapa, na maji yaliwahi kufika wapi?

Maji ya kunywa ndiyo jambo ambalo wawekezaji kutoka Nairobi hulisahau na wenyeji hawalisahau kamwe. Visima vya bonde hili vina floridi nyingi. Katika sehemu nyingi za Nakuru kiwango hupita kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia ya watoto waliokulia hapo. Kuchemsha hakusaidii, floridi hubaki na maji hupungua. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya makaa ya mifupa kwa ajili ya tatizo hili. Mpangaji mwenye mtoto mdogo huuliza maji yanatoka wapi kabla ya kuuliza kodi, na hapo mwenye ploti mwenye tangi la mvua ana silaha ambayo jirani yake hana.

Hesabu ya tangi si ngumu. Paa la mabati la mita za mraba 100, katika mwaka wa mvua ya milimita 600, hupokea lita 60,000. Ikipotea sehemu moja ya tano kwa kumwagika na kwa kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi jeupe la machimbo, hubaki lita 48,000. Zikigawanywa kwa nyumba kumi, kila moja ina lita 13 kwa siku. Hizo zinatosha kupikia na kunywa kwa familia ndogo. Kufua na kuoga kutumie maji ya kisima au ya bomba. Kasoro ni kwamba mvua haiji kila siku, kwa hiyo tangi la lita 10,000 ndilo la chini la kufikiria, na dogo zaidi ya hilo ni pambo. Choo vilevile: pasipo na bomba la maji taka, shimo litajaa, na gari la kunyonya uchafu lisipoweza kuingia uani kwa sababu lango ni jembamba, kosa la mchoraji litalipwa kila mwaka.

Aina ya nyumba ifuate mishahara iliyotajwa juu. Vyumba vya pekee vyenye choo cha pamoja hujaa haraka na huchakaa haraka. Bedsita, yaani chumba chenye choo na jiko lake, humvuta mwalimu na muuguzi. Nyumba za vyumba viwili vya kulala mahali kama Kariandusi huhitaji familia yenye mshahara wa kudumu, na familia za aina hiyo nyingi hupendelea Gilgil au Nakuru kwa ajili ya shule. Stima iwe na mita ya tokeni kwa kila mlango. Mita moja ya pamoja ni chanzo cha magomvi yasiyoisha: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani alilipa mwezi uliopita.

Sasa pesa. Tuseme ploti na ujenzi wa vyumba kumi umegharimu shilingi milioni 3, na kila chumba hukodishwa kwa 3,500. Ikijaa mwaka mzima, kodi ni 420,000, sawa na asilimia 14 ya mtaji. Dalali atataja namba hiyo na kunyamaza. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu, zinabaki 385,000. Serikali inachukua asilimia 7.5, yaani 28,875. Keyateka, yaani mtunza ploti, wa shilingi 5,000 kwa mwezi ni 60,000. Rangi, vitasa na mabati yanayovuja ni kama 35,000, na taa za nje, usafi na choo ni 20,000 nyingine. Kinachobaki ni 241,125, asilimia 8 ya mtaji. Aliyejenga kwa akiba yake ana biashara ya polepole lakini ya haki. Aliyekopa milioni zote 3 kwa riba ya asilimia 14 analipa riba ya 420,000 mwaka wa kwanza, yaani kodi yote ya ploti iliyojaa pomoni, kabla hajarudisha hata shilingi ya deni. Mshahara wake mwingine ndio utakaolisha nyumba, ilhali alitarajia nyumba imlishe yeye. Njia iliyozoeleka na yenye akili zaidi ni kujenga vyumba vitatu vinne, kuvijaza, kisha kuongeza kwa kodi yake na mkopo mdogo wa sako. Namba hizi ni za mfano, lakini mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba si makadirio ya mtu mwenye hofu. Kwa Kariandusi ni ya mtu mwenye bahati.

Kodi ya serikali juu ya pango la makazi ilianza Januari 2016 kwa asilimia 10 ya mapato ghafi, na ikapunguzwa kuwa 7.5 kuanzia Januari 2024. Inamhusu mwenye pato la pango linalozidi shilingi 288,000 kwa mwaka hadi milioni 15, na hulipwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kikomo cha chini ni sawasawa na vyumba vinane vya shilingi 3,000 vilivyojaa mwaka mzima. Cha tisa humwingiza mtu katika mfumo. Gharama haziondolewi: wala rangi, wala riba ya benki. Ndiyo sababu mwenye mkopo mkubwa afikirie kumwandikia kamishna ili atozwe kwa utaratibu wa kawaida wa kodi ya mapato, ambamo gharama huhesabiwa. Maduka ya mbele hayamo katika asilimia hii. Pato lake huingia katika hesabu ya kawaida, kwa hiyo jengo lenye maduka mbele na vyumba nyuma linahitaji vitabu viwili.

Kuhusu sheria ya wapangaji, Kenya ina tabaka ambazo wengi hawazijui. Nyumba ya makazi ambayo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na mahakama yake maalum. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, wakati 2,500 ilikuwa kodi ya watu wenye nafasi. Kwa kejeli ya historia, leo kinazilinda nyumba za chini kabisa, zile za Kariandusi na za mtaa wa Rhonda jijini Nakuru, wala hakizigusi fleti za Milimani. Mwenye vyumba vya 2,000 hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama hiyo, na kumkatia maji au kung'oa mlango ili aondoke ni kosa la jinai. Juu ya 2,500, mkataba na Sheria ya Ardhi ya 2012 ndizo zinazotawala: upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na kumtoa mtu kwa nguvu bado kunahitaji mahakama.

Maduka na hoteli zina sheria yao ya mwaka 1965, Sura ya 301, na ndiyo inayowashangaza wenye majengo ya Kikopey. Upangaji wa kibiashara usio na maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka mitano, huitwa upangaji unaodhibitiwa. Kuongeza kodi au kumtoa mchoma nyama kunahitaji notisi ya fomu maalum ya angalau miezi miwili, naye anaweza kukimbilia Mahakama ya Kodi za Majengo ya Biashara akabaki humo kesi ikiendelea. Mawakili huwashauri wenye majengo waandike mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu usio na kifungu cha kuuvunja mapema. Upangaji wa mdomo, unaodhaniwa kumpa mwenye jengo uhuru, ndio unaomfunga zaidi.

Mkataba wa chumba hauhitaji kurasa ishirini. Utaje majina na namba za vitambulisho, kodi na tarehe yake, kiasi cha dipositi na masharti ya kuirudisha, nani hulipia maji, notisi, na hali ya chumba siku ya kuingia. Picha za simu za kuta, sinki na vioo, zikitumwa kwa pande zote mbili siku hiyo, huzuia nusu ya mabishano ya siku ya kutoka. Dipositi si pato. Ni pesa ya mtu mwingine, na iwekwe kando. Ikishatumiwa kununua saruji, mwenye nyumba huanza kutafuta mikwaruzo ukutani ili asiirudishe.

Ukusanyaji umebadilishwa na M-Pesa tangu 2007. Namba ya Paybill au Till kwa jina la biashara, na namba ya chumba ikiwa ndiyo akaunti, huacha rekodi ambayo keyateka hawezi kuifuta na mpangaji hawezi kuikana. Keyateka asipokee pesa taslimu. Kazi yake ni usafi, maji, lango na kupiga simu bomba likipasuka. Anayelala ndani ya ploti na kupunguziwa kodi huiangalia vizuri kuliko anayelipwa vizuri akiwa mbali. Malimbikizo yaanze kushughulikiwa siku ya kumi, kwa mazungumzo. Kibarua mwenye deni la mwezi mmoja hulipa; mwenye deni la miezi mitatu huhama usiku. Kukamata mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye kibali chini ya Sura ya 293, na nguo, matandiko na vifaa vya kazi havikamatwi. Katika chumba cha 2,500 mara nyingi hakuna kitu kingine. Kusamehe mwezi mmoja kwa sharti la kuondoka na kupata mpangaji mwingine ni nafuu kuliko kesi.

Kupandisha kodi hakuna kanuni moja, lakini chumba kilichojaa kwa 3,300 kwa miezi kumi na miwili kinaleta 39,600. Kilichopandishwa hadi 3,800 kikakaa wazi miezi miwili kinaleta 38,000, na kimempa mwenye ploti kazi ya kupaka rangi na kutafuta mtu.

Kuna siku ya kuuza, na siku ya kufa. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, kwa hiyo risiti za ujenzi zitunzwe miaka yote maana ndizo zinazopunguza faida hiyo. Mwenye ploti akifariki, wapangaji hujikuta na wadai watatu: mjane, kaka, na mwana aliyekuja kutoka Nairobi, kila mmoja na namba yake ya simu. Kwa Sheria ya Mirathi, asiye na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani hana haki ya kupokea kodi hiyo, na anayeipokea anaweza kushtakiwa kwa kuingilia mali ya marehemu. Wakati hati inasubiriwa, wapangaji wengi huacha kulipa, au humlipa anayepiga kelele zaidi. Familia chache zimeepuka hali hii kwa kusajili ploti kwa jina la kampuni ya familia, au kwa umiliki wa pamoja wa mume na mke ambao hupita kwa aliyebaki, na Paybill ikabaki ileile Jumatatu baada ya mazishi.